Mume akikupiga Mtwara: polisi au kwa mjomba?

Mama Mihogo, Mikindani: Juzi jirani kaja kwangu, kanga imelowa damu ya sikioni. Nikamwambia twende dawati la jinsia pale polisi, tuchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Akataka kwanza mjomba wake aje kutoka Newala. Mjomba kaja, kala ubwabwa, kasema "rudi kwako mpwa wangu, vumilia". Sasa hiyo sheria ni ya nani?

Mchonga Vinyago: Dada, mjomba umemwonea. Sisi Wamakonde ukoo ni wa mama, mjomba ndiye ngao ya binti. Mfumo dume kautafuteni bara huko. Na ubwabwa umeingiaje hapa? Mgeni kwako halishwi?

Korosho Safi: Tuseme ukweli. Mwaka mzima wanapigwa kimya, minada ya korosho ikianza Oktoba ndiyo wanakumbuka talaka.

Binti Tandahimba: Wanakumbuka?? Napalilia mimi, naokota mimi, natenganisha korosho na mabibo mpaka vidole vinababuka. Hela ya AMCOS, chama cha ushirika, inaingia akaunti yake, anarudi na pikipiki na mke wa pili. Nikidai changu ni tamaa? Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed: hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa.

Korosho Safi: Soma mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu.

Binti Tandahimba: Alitoka mitupu yeye, kauli ikabaki kwetu. Wewe mkeo anajua uko humu?

Korosho Safi: Mke wangu muache.

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea: Wanangu, swali lilikuwa kipigo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Ila adhabu haikutajwa pale, inabidi ufungue shauri la shambulio, na hapo ndipo wengi wanapoambiwa "yamalizeni nyumbani".

Mchonga Vinyago: Shikamoo mwalimu. Ila talaka si lazima kupita kwanza baraza la usuluhishi? Na mjomba si anasuluhisha?

Mwalimu Mstaafu, Nachingwea: Marahaba. Baraza likishindwa linakupa hati uende nayo mahakamani. Mjomba anakupa nauli ya kurudi.

Mchonga Vinyago: Mwalimu leo umetukana ukoo mzima.

Mama Mihogo, Mikindani: Jamani, yule jirani karudi kwa mumewe jana. Sikio moja halisikii. PF3 bado inawezekana?

Korosho Safi: Mnada wa leo Tandahimba umeishia bei gani?