Zuio la mahakama mkononi, bastola kabatini: nani anakwenda kuichukua?

Kipima Joto (mleta mada)
Wakuu, tujadili hili bila jazba. Nimesoma kesi ya yule bwana wa Texas, Rahimi. Mwaka 2020 mahakama ilimpiga zuio asimsogelee mama wa mtoto wake, na zuio hilohilo likamkataza kuwa na silaha. Baadaye polisi wakaenda kupekua kwake kwa matukio mengine ya risasi. Wakakuta bastola, bunduki, na nakala ya lile zuio! Karatasi na chuma vinalala nyumba moja kama mtu na mkewe. Sasa nauliza, kwa nini silaha hazikufuatwa siku zuio lilipotoka? Kwa maoni yangu polisi ni simba kwa mwenye fimbo, kwa mwenye bunduki wanageuka makarani. Nawasilisha.

Afande Mstaafu
Makarani? Nimevaa sare miaka 27. Kijana, umewahi kugonga mlango usiku, unajua kabisa kuna mtu nyuma yake ana hasira na ana chuma? Siku ukigonga uje tuongee. Kabla ya hapo kaa kimya, wewe hodari wa kubofya.

Bi Tausi
Shikamoo Afande. Sasa kama wewe mwenye mafunzo na fulana ya kuzuia risasi unaogopa mlango huo, yule mama anayelala ndani yake afanyeje?

Afande Mstaafu
Marahaba. Sijasema naogopa. Msinilishe maneno.

Wakili wa Kijiweni
Mleta mada umeruka hatua. Sheria ya taifa ya Marekani ya 1994 inasema mwenye zuio la aina hiyo asimiliki silaha, basi. Nani aende kuzichukua, lini, zihifadhiwe wapi, haisemi. Hayo kila jimbo linajipangia. California mtu akishakabidhiwa zuio ana saa 24 kusalimisha silaha, na ndani ya saa 48 apeleke stakabadhi mahakamani. Afrika Kusini, sheria yao ya 1998 inamtaka hakimu mwenyewe awaamuru polisi wakachukue silaha pakiwa na ushahidi wa vitisho vya kuua. Yaani kazi ina mwenyewe. Penye mwenye kazi utamlaumu, pasipo na mwenyewe unamlaumu nani?

Chui Mpole
Mnamshambulia Rahimi bure, si alishinda kesi? Mahakama ilisema hiyo sheria ya 1994 aliyoshtakiwa nayo inavunja katiba.

Wakili wa Kijiweni
Mkuu umelala usingizi mrefu. Alishinda rufaa 2023. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikamgeuzia kibao, majaji 8 kwa 1.

Chui Mpole
Na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na akili. Mtu hajatiwa hatiani kwa kosa lolote, unamnyang'anya mali yake kwa maneno ya mwanamke mmoja?

Bi Tausi
"Maneno ya mwanamke mmoja." Haya. Castle Rock, Colorado, 1999. Mama ana zuio mkononi, mume kachukua mabinti zao watatu. Kapiga simu polisi, kapiga tena, usiku wa manane kaenda kituoni mwenyewe. Anaambiwa asubiri. Alfajiri mume akaja mwenyewe pale kituoni akifyatua risasi, mabinti wakakutwa ndani ya gari, wamekufa. Na 2005 Mahakama ya Juu ikasema, 7 kwa 2, kwamba katiba haimpi haki ya kuwadai polisi walitekeleze lile zuio. Huyo alikuwa na maneno, alikuwa na karatasi, na kituo alikifikia. Alipungukiwa nini, Chui?

Afande Mstaafu
Mbona husemi kwamba polisi hao hao ndio walijibu risasi wakamuua? Mnachagua ya kusimulia.

Bi Tausi
Walijibu alipowafuata wao.

Kipima Joto
Jamani turudi kwenye mada, utaratibu wa kusalimisha silaha...

Chui Mpole
Tena subiri. Afande akipigwa zuio na mkewe, na yeye anasalimisha? Au sheria ni ya sisi tu?

Wakili wa Kijiweni
Swali zuri, ingawa limetoka kwa mtu mbaya. Ile ya 1994 inamwachia askari silaha ya kazi. Ila ya 1996, inayowahusu waliotiwa hatiani kwa kumpiga mwenza, haina msamaha huo. Askari akitiwa hatiani, anakosa hata ya kazini.

Chui Mpole
Kwa hiyo mwenye zuio anaingia zamu na bastola kiunoni! Afande, ya kwako uliilaza wapi miaka 27?

Afande Mstaafu
Mke wangu ni marehemu na sikuwahi kumnyooshea hata kidole. Usinivuke mipaka, mtoto mdogo wewe.

Chui Mpole
Pole mzee. Sikujua.

Bi Tausi
Pole sana Afande, Mungu amrehemu. Lakini nauliza kwa heshima, maana humu ni wewe pekee uliyefanya kazi hiyo. Zuio likiwafikia, na limeandikwa asalimishe silaha, mlikuwa mnafanyaje?

Afande Mstaafu
Tulimwita kituoni. Tunamsomea, anatia sahihi, tunamwambia aende akailete. Wengine waliileta siku hiyohiyo, imefungwa kwenye taulo, wengine wanalia.

Bi Tausi
Na waliorudi mikono mitupu?

Afande Mstaafu
Walisema wameshaiuza.

Bi Tausi
Kwa nani?

Afande Mstaafu
Kwa kaka zao.

Kipima Joto
Kaka anayeishi nyumba ipi?