Kamera za dukani Moshi: picha haionekani kwenye kivinjari, saa haieleweki, nami nataka kuziangalia nikiwa Arusha

Pembejeo_Pasua (mwuliza swali)

Habari za jioni ndugu zangu.

Nina duka la pembejeo za kilimo mjini Moshi, upande wa Pasua, pamoja na stoo ndogo nyuma yake. Makazi yangu yako Njiro, Arusha, kwa hiyo siku nne au tano za juma duka liko mikononi mwa kijana ninayemwamini, na usiku kuna mlinzi. Mwezi uliopita nilimlipa fundi anifungie kamera mbili za mtandao, moja ikitazama kaunta na njia ya kwenda stoo, nyingine ikiwa ndani ya stoo. Zinapata umeme kwa kebo ileile ya mtandao kutoka kwenye swichi; rekoda hakuna, ila kila kamera ina kadi yake ya kumbukumbu ya GB 64. Fundi alinionesha picha kwenye simu yake, nikaridhika, akaondoka, na sasa simu yangu haipokei.

Jumamosi nilifungua kompyuta mpakato dukani, nikaandika kwenye Chrome anwani ya IP ya kamera ya kaunta, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka. Niliingia kwa jina na nywila alizoniachia kwenye karatasi, lakini mahali pa picha pana weusi mtupu na maneno yanayonitaka nipakue programu-jalizi, yaani programu ya nyongeza ya kivinjari. Nimeisakinisha mara mbili, weusi ni uleule. La kushangaza ni kwamba vipande vilivyorekodiwa naweza kuvipakua kupitia ukurasa huohuo, na vinacheza vizuri kwa VLC, ile programu ya kuchezea video. Kamera ya stoo anwani yake siijui kabisa.

Linaloninyima usingizi ni jambo jingine. Mifuko minne ya mbolea imepungua stoo. Katika vipande nilivyopakua kuna mtu anayepita kuelekea stoo, na juu ya picha imeandikwa 08:10, yaani saa mbili na dakika kumi asubuhi, muda ambao kijana wangu yumo dukani peke yake. Lakini picha yenyewe ni ya giza, ile isiyo na rangi ambayo kamera hupiga usiku, na uso hauonekani. Sitaki kumdhania mtu vibaya kwa sababu ya saa ya mashine.

Mwisho, ningependa kuziangalia kamera hizi nikiwa nyumbani Njiro, kwa kivinjari, bila kutegemea simu ya mtu mwingine. Naomba mwenye ujuzi anielekeze.

Fundi_Sakina

Pole sana dada. Nitaanza na saa, kwa sababu humo kuna heshima ya mtu, na kwa sababu ukikosea hatua moja utapoteza ushahidi.

Usiirekebishe saa ya kamera kwanza. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mfumo, sehemu ya tarehe na saa, kisha weka simu yako kando ya skrini ikionesha saa sahihi, na upige picha inayozinasa zote mbili pamoja. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo utakayoitumia kusahihisha saa ya vipande vyote vya nyuma. Ukirekebisha kabla ya kuiandika, hutakuwa tena na njia ya kujua kipande cha juzi kilirekodiwa lini hasa. Kamera nyingi zinazotengenezwa China hutoka kiwandani zikiwa katika ukanda wa GMT+8, ilhali sisi tuko GMT+3. Kama ndivyo ilivyo kwako, basi 08:10 ya kamera ni 03:10 ya Moshi, yaani saa tisa na dakika kumi usiku, na giza la kwenye picha linakuwa limepata maelezo yake. Hata hivyo, pima kwanza tofauti hiyo. Usichukue makisio yangu kuwa jibu.

Sasa picha. Kipande kucheza kwa VLC huku kivinjari kikionesha weusi ni dalili kubwa kwamba kamera inabana picha kwa H.265, mtindo wa kubana video kuliko ule wa zamani wa H.264. VLC inaifungua bila taabu, lakini Chrome huitegemea mashine yenyewe iwe na uwezo huo, na kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazina. Programu-jalizi uliyopakua haikusaidii kwa sababu Chrome iliacha kabisa kupokea programu za aina hiyo tangu toleo la 45 mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017. Ukurasa wa kamera yako uliandikwa kwa ajili ya Internet Explorer, ambayo Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022.

Kurasa za mipangilio hazihitaji picha, kwa hiyo unaweza kufanya kila kitu hata sasa. Nenda sehemu ya video. Utakuta mikondo miwili, yaani kamera hutoa picha ileile kwa ubora wa aina mbili, mkuu na mdogo. Mkondo mkuu ndio unaorekodiwa kwenye kadi. Uache na H.265, kwa kuwa ukiubadilisha utakula nafasi zaidi kwa ubora uleule. Mkondo mdogo ubadilishe uwe H.264, kisha kwenye ukurasa wa picha ya moja kwa moja chagua mkondo mdogo. Kwa kamera nyingi hilo linatosha. Weusi ukibaki, fungua ukurasa huo kwa Edge katika hali yake ya Internet Explorer, ambayo Microsoft imeahidi kuiendeleza angalau hadi mwaka 2029, na hapo ile programu-jalizi itafanya kazi.

Ukiwa kwenye ukurasa huo wa video, tazama pia kasi ya mkondo mkuu. Megabiti 4 kwa sekunde ni takriban GB 43 kwa siku, kwa hiyo kadi yako ya GB 64 inabeba siku moja na nusu tu kabla ya kuanza kufuta ya zamani. Kwa stoo isiyo na watu wengi, megabiti 2 zinatosha, na ukiweka irekodi panapokuwa na mwendo peke yake, utapata siku nyingi zaidi. Vipande vya mtu yule vihifadhi leo hii kwenye kompyuta na kwenye flashi.

Kuhusu kamera ya stoo, fungua ukurasa wa ruta na usome orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Isipokuwemo, yawezekana fundi aliiacha na anwani ya kiwandani: za Hikvision kwa kawaida ni 192.168.1.64 na za Dahua ni 192.168.1.108. Ikiwa ruta yako inagawa anwani zinazoanza na 192.168.0, kompyuta yako haiwezi kuifikia kamera hiyo hata kama taa yake inawaka. Ipe kompyuta anwani ya mkono, yaani unayoiandika mwenyewe, mathalani 192.168.1.10 na kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, chomoa kamera nyingine kwenye swichi, kisha ijaribu moja kwa moja kwenye kivinjari. Nywila ikikataa mara mbili, pumzika. Kamera nyingi hujifunga kwa muda ukikosea mara nyingi mfululizo. Kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kiwe tegemeo la mwisho.

Mkazi_wa_Rau

Kuiangalia ukiwa Arusha ni rahisi. Kwenye ruta fungua poti 80 na 554, yaani milango ya mtandao ya ukurasa wa kamera na ya video, zielekeze kwenye anwani ya kamera, kisha ukiwa Njiro andika anwani ya nje ya ruta ya duka. Mimi nimefanya hivyo kwa mabanda yangu ya kuku miaka miwili bila tatizo.

Tehama_Ilboru

Ndugu Mkazi wa Rau, nakuomba kwa dhati uzifunge poti hizo leo. Kutoona tatizo kwa miaka miwili si uthibitisho kwamba hakuna aliyeingia, kwa maana anayeingia kwenye kamera mara nyingi haharibu picha. Anaiacha ifanye kazi yake huku akiitumia kwa mambo yake mwenyewe. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti nzima ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani takriban 60 tu, ikateka kamera, rekoda na ruta kwa maelfu, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, hata tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Tena nywila nzuri peke yake haitoshi. Mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu katika kamera nyingi za Hikvision, uliosajiliwa kama CVE-2021-36260, ambao ulimwezesha mtu kuitawala kamera bila kuwa na nywila yoyote, mradi tu aufikie ukurasa wake wa kivinjari. Kamera ambayo ukurasa wake haukuwa wazi kwa dunia haikuweza kufikiwa kwa mbali namna hiyo.

Dada, kabla hujagawa anwani alizokueleza Fundi wa Sakina, ambaye amesema vyema kabisa, amua kwanza jambo moja: mtandao wa duka uwe na namba tofauti na wa nyumbani. Ikiwa Njiro unatumia 192.168.1 na dukani vilevile 192.168.1, siku utakapoziunganisha sehemu hizo mbili kompyuta itaitafuta kamera ndani ya nyumba yako badala ya Moshi, na utahangaika kutwa bila kujua sababu. Badili ruta ya duka igawe, kwa mfano, 192.168.37, kisha kamera zipe 192.168.37.21 na 192.168.37.22.

Halafu tumia VPN, yaani njia ya siri inayounganisha mitandao miwili kupitia intaneti. Soma kwenye ruta anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, maana yake mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hilo ni la kawaida kwenye ruta zinazotumia laini ya simu. Katika hali hiyo ushauri wa kufungua poti usingefanya kazi hata ungeutaka. Tailscale, huduma ya VPN iliyojengwa juu ya teknolojia ya WireGuard, hulivuka tatizo hilo kwa sababu pande zote mbili huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje. Acha dukani kompyuta ndogo yenye Tailscale inayowaka muda wote, Raspberry Pi inatosha, uipe kazi ya kuutangaza mtandao wa 192.168.37 kwa kompyuta yako ya Njiro, nayo ikiwa na Tailscale. Ukiwa Njiro utaandika kwenye kivinjari 192.168.37.21 kana kwamba umekaa kaunta. Ukishamaliza, zima UPnP kwenye ruta na kwenye kamera, maana hiyo ni huduma inayoruhusu vifaa vijifungulie poti kwenye ruta bila kukuuliza.

Tazama mkondo mdogo unapokuwa mbali. Kwa kilobiti 512 kwa sekunde utatumia takriban MB 230 kwa saa. Mkondo mkuu wa megabiti 4 ungekula GB 1.8 kwa saa hiyohiyo, na bando la duka ndilo litakalolipa kwanza.

Mama_Kiboriloni

Naongeza jambo dogo kuhusu watumiaji. Nywila aliyokuandikia fundi anaijua, na huenda kamera bado imo kwenye simu yake. Badilisha nywila ya msimamizi, fungua orodha ya watumiaji ufute usiowajua, na kama aliisajili kamera kwenye huduma ya wingu kwa jina lake, iondoe huko. Kijana wa duka mfungulie jina lake mwenyewe lenye ruhusa ya kutazama tu, bila kufuta. Na umwambie yeye pamoja na mlinzi kwamba kamera zipo na zinarekodi. Bandika tangazo mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ikiwa kamera inanasa mlango wa jirani, kwenye mipangilio ya picha kuna sehemu ya kuziba eneo hilo kwa kisanduku cheusi.

Pembejeo_Pasua

Ndugu zangu, nimerudi kutoka Moshi na ninawashukuru kwa moyo wote.

Nilipiga picha ya saa kama nilivyoelekezwa. Kamera ilikuwa mbele kwa saa tano kamili. Kwa hiyo mtu yule alipita saa tisa na dakika kumi usiku, na kijana wangu wakati huo alikuwa kwao Machame. Nimemweleza wazi kwamba nilikuwa na wasiwasi, na nimemwomba radhi. Vipande vimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kituoni, pamoja na picha inayoonesha tofauti ya saa.

Picha ya moja kwa moja ilitokea mara tu nilipobadilisha mkondo mdogo. Kamera ya stoo niliikuta kwenye 192.168.1.64, nimeihamishia 192.168.37.22, na jana usiku niliitazama nikiwa sebuleni Njiro. Mtumiaji mmoja nisiyemjua nimemfuta.

Limebaki moja. Nimechagua GMT+3 na kuweka kamera zichukue saa kutoka intaneti. Ya kaunta imekubali, ya stoo inakataa, na umeme ulipokatika ikarudi mwaka 1970.

Fundi_Sakina

Ulipoipa kamera ya stoo anwani ya mkono, nadhani uliacha wazi nafasi ya lango (gateway, njia ya kutokea nje) na ya DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba). Bila DNS haiwezi kulitafsiri jina la seva ya saa, na bila lango haiwezi kutoka nje ya duka. Jaza anwani ya ruta, yaani 192.168.37.1 kama hukuibadilisha, katika nafasi zote mbili, hifadhi, kisha bonyeza kitufe cha kujaribu kilicho kando ya jina la seva. Hakikisha pia kipengele cha majira ya joto kimezimwa, kwa kuwa sisi hatubadilishi saa. Ikikubali, chomoa kebo yake kwenye swichi kwa dakika tano, irudishe, na utazame kama saa imejirekebisha yenyewe.

Pembejeo_Pasua

Lango lilikuwa wazi kweli. Nimelijaza nikiwa hapahapa Njiro, nikampigia kijana achomoe kebo na kuirudisha, na saa imerudi sahihi.