Mafundi wa mtandao Zanzibar, mnatuuzia nini hasa?

Wadau, nina hasira na sizifichi.

Duka letu la jumla la dawa lipo Darajani, tawi lipo Chake Chake. Tulitaka Pemba wakiuza, stoo ya Unguja ionekane imepungua hapo hapo. Kampuni moja ya mjini ikaja, ikachukua pesa zote, ikasema "tayari, mshaunganishwa". Mpaka leo mauzo ya Pemba yanakuja kwa flashi, anapewa mtu anayepanda boti Mkoani. Huo ndio mtandao tuliolipia!

Ruta (kile kifaa kinachogawa mtandao dukani) ya Darajani inazipa kompyuta anwani, yaani namba za utambulisho, zinazoanza na 192.168.1, na ya Chake Chake inagawa hizo hizo. Zimeachwa kama zilivyotoka kwenye boksi. Seva yetu, kompyuta kuu yenye hesabu za stoo, iko Unguja na namba yake ni 192.168.1.10. Mwenzetu wa Chake akiandika namba hiyo, unamfungukia ukurasa wa printa iliyo mezani kwake! Ndivyo inavyokuwa: kompyuta ikiona namba ni ya mtandao wake wa ndani, haimpi ruta kitu, inatafuta humo humo. Hata ukifunga VPN (njia ya faragha ya kuunganisha ofisi mbili kupitia intaneti) ya bei gani, kwa namba hiyo Unguja hafiki. Ilitakiwa Pemba wapewe 192.168.2, kisha kila ruta ioneshwe njia ya upande wa pili kupitia VPN. Basi. Tangu 1996 anwani za matumizi ya ndani zimetengwa kwa mamilioni, nyinyi mnang'ang'ania fungu moja visiwa vyote!

Halafu waya. Kutoka mbele mpaka stoo ya nyuma wamevuta kipande kimoja kinachopita ukomo wa mita 100, bila swichi (kifaa cha kuunganishia nyaya za mtandao) katikati. Nimekata ncha nikaikwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini! Na risiti imeandikwa shaba tupu. Huu si uzembe, huu ni wizi.

Kinachoniuma kuliko vyote, paswedi za ruta wanazo wao. Tukitaka kubadilishiwa namba tu, eti tulipie "matengenezo". Ruta zetu, tumezinunua, tunafungiwa nje!

Kama mnasoma humu: leteni paswedi, leteni mchoro wa nyaya, badilisheni anwani za Pemba na ule waya uvutwe upya. La sivyo, risiti na ncha ya waya navipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Na nyie wenye maduka, msimalizie malipo mpaka aliyepo Pemba aifungue seva ya Unguja na fundi akiwa hapo hapo.