Eli Manning anastahili kuingia Canton, jumba la magwiji wa futiboli ya Marekani, au tunambeba kwa mapenzi tu?

Mtu_wa_Jersey

Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa moyo mweupe maana juzi nimebishana na jamaa kazini mpaka mapumziko yakaisha chakula hakijaguswa. Eli Manning, kwotabeki wetu (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) wa New York Giants toka 2004 mpaka 2019. 2025 ndo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kuruhusiwa kupigiwa kura ya jumba la magwiji kule Canton, Ohio, akafika hatua ya mwisho wakamwacha, wakaingia wanne tu mwaka ule.

Mimi nimefika Marekani 2007, futiboli yao nilikuwa naona ni watu wanagongana tu. Ile Jumapili ya Februari 2008 ya Super Bowl, fainali ya ligi, Giants na New England Patriots, tulibanana watu tisa kwenye apatimenti ya chumba kimoja. Patriots wameshacheza mechi 18 hawajafungwa hata moja, imebaki dakika moja na ushee, Giants wako nyuma 14-10. Eli anashikwa jezi na mijitu miwili, unaona kabisa jezi inavutika, mimi nikajua kwisha habari, akachoropoka sijui vipi akarudi nyuma akautupa mpira juu katikati ya uwanja, mwenzake David Tyree akaruka akaubana kwa mkono kwenye helmeti yake huku beki amemng'ang'ania wanaanguka wote, na mpira haukugusa nyasi. Yadi 32. Haikupita muda mwenzao Plaxico Burress yuko peke yake pembeni, tachidauni (mpira umefika eneo la mwisho la wapinzani), 17-14. Mwenye chumba alilia machozi kabisa. 2012 akamfunga tena Tom Brady, kwotabeki wa Patriots siku zote mbili, 21-17, na fainali zote mbili mchezaji bora ni yeye. Mtu kama huyo mnamwachaje nje jamani?

Baba_Salma_Minnesota

Mkuu heshima yako, ile pasi ya Tyree hata sisi tusio wa Giants tuliruka. Ila Canton wanaangalia miaka yote 16 sio zile mechi nane za ubingwa. Hebu tazama, msimu wa kawaida kashinda 117 kafungwa 117, sawa kwa sawa. Pasi zilizonaswa na wapinzani 244, na misimu mitatu kaongoza ligi nzima kwa kunaswa, 2013 peke yake 27!! Hajawahi kuwekwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi hata mwaka mmoja. Yaani hakuna msimu ambao watu walikaa wakasema mwaka huu kwotabeki namba moja ni Eli. Na pleyofu, zile mechi za mtoano, ukitoa ile miaka miwili ya ubingwa alikoshinda nne nne, zilizobaki kacheza nne kafungwa zote.

Halafu ile fainali ya kwanza tusiisahau difensi. Patriots walifunga pointi 589 msimu ule, siku ile wakapata 14, Brady kaangushwa mara tano. Kina Strahan na Tuck, walinzi wa Giants, ndo walibeba ule mzigo.

Dada_wa_Worcester

Mimi naishi huku kwa Patriots na yule mtu kanitesa mara mbili, lakini haki yake nampa. Baba Salma hapo kwenye difensi uko sawa kwa 2008, ila usiupeleke msimu wa 2011, ulioishia na ile fainali ya 2012. Msimu ule Eli alirusha yadi 4,933, na robo ya nne peke yake katupia tachidauni 15 ambayo ilikuwa rekodi ya ligi. Ulimwona nusu fainali kule San Francisco? Mvua, jezi imejaa matope, wamemwangusha mara sita na kila akiinuka anarudi kurusha, pasi 58, wakashinda 20-17 muda wa nyongeza. Fainali yenyewe akaanza na pasi tisa mfululizo zote zimefika. Mwishoni akampa mwenzake Manningham ile pasi ya yadi 38 pembeni ya mstari, mabeki wawili wako pale na nafasi ni ndogo kama mlango wa choo. Mimi nilizima TV.

Na kama kunaswa ndo kosa, Joe Namath, kwotabeki wa zamani wa New York Jets, mbona yuko ndani toka 1985? Tachidauni 173, kanaswa 220. Eli ana tachidauni 366.

Mzee_Raiders

Wanangu niwaambie kitu. Namath alikuwa wa kwanza kufikisha yadi 4,000 kwa msimu, 1967, na ile ahadi ya ushindi aliyotoa kabla ya kuwafunga Colts kwenye fainali ya 1969 iliubadilisha mchezo mzima, huyo muacheni. Mtu wa kulinganisha na Eli ni Jim Plunkett, kwotabeki wa zamani. Alishinda Super Bowl mbili na timu ya Raiders, 1981 akawa mchezaji bora wa fainali, 1984 wakawapiga Washington 38-9. Huko nyuma timu moja ilishamuuza na nyingine ikamtema, wazazi wake wote wawili walikuwa hawaoni, akainuka. Rekodi yake 72 kwa 72, sawa kwa sawa kama ya Eli. Miaka yote hii bado yuko nje. Mkimwingiza Eli mtamwambia nini Plunkett?

Mtu_wa_Jersey

Mzee wangu shikamoo, hapo umenishika, Plunkett sikuwa nimemfikiria kabisa.

Ila naomba niongeze moja ambayo huwa haitajwi. Mechi 210 mfululizo kaanza yeye, toka 2004 mpaka walipomkalisha benchi 2017, hakuwahi kukosa kwa kuumia. Kwenye mchezo ule, watu wa kilo 140 wanakuja mbio kukuvunja kila wiki! Na waliowahi kuwa mchezaji bora wa Super Bowl zaidi ya mara moja ukitoa Brady na Mahomes ni makwotabeki Starr, Bradshaw, Montana na Eli. Watatu wa kwanza wako ndani wote.

Baba_Salma_Minnesota

Hiyo ya 210 ni nzito, sikatai. Basi mimi msimamo wangu ni aingie ila asubiri, Plunkett atangulie kwanza wakati bado yuko hai aione siku yake.

Mzee_Raiders

Marahaba. Hapo na mimi nakupa kura ya Eli.