Nimepata nafasi ya uzamili Ujerumani, nina mtoto wa miaka minne: naomba uzoefu wenu

Mhitimu wa Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya kilimo katika programu inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo vikuu vya Göttingen na Kassel, kuanzia muhula wa Oktoba. Nina umri wa miaka 31, nimefanya kazi ya ugani kwa muda, na sina ufadhili. Fedha zitatoka kwenye akiba yangu na kwa kaka yangu. Mwanangu ana miaka minne na atabaki Dodoma kwa mama yangu. Masharti ya viza nimeyasoma, ila hayanielezi maisha yenyewe yakoje. Naomba waliotangulia wanisaidie: ni gharama zipi humshtua mgeni, masomo yanatofautianaje na ya nyumbani, na mzazi anaishije mbali na mtoto mdogo kwa miaka miwili?

Mkazi wa Kaskazini

Hongera sana, dada. Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zinazowatesa wengi katika wiki za mwanzo. Akaunti iliyofungiwa inayotakiwa kwa ajili ya viza, yaani Sperrkonto, ambamo unaweka mapema fedha zako za kujikimu, ni euro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi unaruhusiwa kutoa euro 992 tu. Wapo wanaodhani fedha hiyo itapatikana siku watakayoshuka kwenye ndege. Kwa kawaida ni lazima kwanza ujiandikishe manispaa, na huwezi kujiandikisha bila fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Ndipo ufungue akaunti ya kawaida ambamo fedha za kila mwezi zitaingia. Wakati huohuo mwenye nyumba anaweza kukudai dhamana inayofikia kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo beba fedha za kujikimu nje ya ile akaunti, na uombe chumba cha bweni mara tu upatapo barua ya udahili, usisubiri viza.

Jambo la pili linakuhusu wewe hasa kwa umri wako. Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi huishia miaka 30. Aliyevuka umri huo mara nyingi hulazimika kukata bima binafsi, na zile za bei ya chini zinazouzwa kwa wasafiri zinaweza kukataliwa unapokwenda kujisajili chuoni au kuomba kibali cha ukaazi. Waulize chuo kwa barua pepe ni bima gani wanaipokea kabla hujalipia chochote.

Kazi unaruhusiwa: siku 140 kamili au siku 280 za nusu kwa mwaka. Nakusihi usiiweke kwenye bajeti ya muhula wa kwanza.

Mtafiti wa Udongo

Naongezea kuhusu masomo. Nyumbani GPA (wastani wa alama) ya 5.0 ndiyo kilele, huko 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Mitihani haikujii yenyewe: kila mmoja unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo kabla ya tarehe ya mwisho, na usipofanya hivyo hufanyi mtihani hata kama umehudhuria vipindi vyote. Katika semina, uliza na upinge hoja ya profesa kwa adabu. Sisi tuliolelewa kumnyamazia mwalimu huonekana hatukusoma, wakati tumesoma kila ukurasa.

Mhitimu wa Morogoro

Asanteni sana. Hili la bima sikulijua kabisa. Je, ninaweza kumchukua mtoto baadaye?

Mama Wawili

Inawezekana, mdogo wangu, lakini utahitaji kuonyesha kipato cha ziada na nyumba yenye nafasi ya kutosha, pamoja na ridhaa ya baba yake au uthibitisho kwamba malezi yote yako mikononi mwako. Kwa akiba uliyoieleza, mimi nisingelianza hilo mwaka wa kwanza.

Mimi niliwaacha wanangu kwa bibi yao, na iliniuma kila siku. Kilichonisaidia ni kukubali kwamba malezi ya kila siku sasa ni ya mama yangu: akisema hakuna biskuti kabla ya chakula, nami nasema hivyo hivyo kwenye simu, hata kama moyo unataka kudekeza. Mtoto wa miaka minne hawezi kuzungumza na uso ulio kwenye simu kwa nusu saa, na ukimuuliza kila mara kama amekukumbuka utamliza bure. Mwombe akuonyeshe alichochora, hesabuni pamoja vifaranga vya bibi, msimulie hadithi ileile mpaka aishike, kisha muache aende akacheze.

Pangeni muda maalumu usiobadilika, kwa mfano saa mbili usiku ya Dodoma kabla hajalala. Ukifika mwanzoni mwa Oktoba hiyo itakuwa saa moja jioni kwako, lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa za Ujerumani hurudishwa nyuma, nawe itakubidi upige saa kumi na mbili jioni. Mabadiliko hayo usipoyafuata, utampigia akiwa ameshalala.