Naomba ushauri: mwanangu wa miaka minne na nusu hawezi kushika penseli

Mama Hakimu, Bombo
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu yuko nasari, mwaka wa pili. Wiki jana nilikuta karatasi kwenye begi lake: hawezi kushika penseli, afanyishwe mazoezi nyumbani. Tangu siku hiyo kila jioni namkalisha ajaze mistari ya herufi a. Penseli anaikamata kwa ngumi, anaihamisha mara mkono huu mara ule, na mstari wa pili hauishi kabla hajalia kwamba mkono unamuuma. Nami naingia jikoni kulia. Jirani anasema nimtafutie mwalimu wa jioni. Nimlipe mtu, au mtoto ana tatizo?

Ticha Nasari, Jinja
Pole sana Mama Hakimu. Hela yako weka, na hiyo mistari isimamishe leo.

Mtoto akishika kwa ngumi maana yake vidole bado havina nguvu, na vidole havipati nguvu kwa penseli. Nguvu huanza begani, ikashuka kwenye kiwiko, kifundo, mwisho ndio ncha za vidole. Watoto wengi huweza kunakili duara wakiwa na miaka 3, msalaba kwenye 4, mraba wanapokaribia 5. Sasa herufi a ina duara na mkia, tena ndani ya mistari miwili! Tunawadai mapema mno, na hilo nalisema nikiwa mwalimu.

Mpeleke jikoni. Karanga za maganda hasa: kubana ganda mpaka lipasuke ni kazi ya kidole gumba na cha shahada, vile vile vinavyobana penseli. Achambue mboga ya dodo (mchicha), jani moja moja, bua akiweka kando. Ukikanda unga wa chapati, mkatie donge lake. Siku ya kufua mpe soksi azikamue, kisha akuanikie na vibanio. Kibanio kigumu kinamtosha kwa mazoezi ya siku. Ajifunge vifungo vya shati mwenyewe hata kama mtachelewa.

Penseli badilisha na chaki. Ivunje kipande kifupi kama kiungo cha kidole, kwa sababu kipande hicho ngumi haiwezi kukishika, lazima vidole vije. Achore kwenye mlango au ukuta, akiwa amesimama. Hapo bega linafanya kazi na kifundo kinakaa kinavyotakiwa kwenye kuandika.

Baba Pacha, Arua
Ticha amesema kweli, ila kama kuna mdogo wake ndani, karanga na maharage visiachwe sakafuni. Mwanangu wa miaka miwili alijisukumia haragwe puani. Haragwe likilowa linavimba, kila saa linazidi kukwama. Tulipanda boda usiku kutafuta daktari, sitaisahau safari ile. Na karanga nzima mtoto mdogo hapewi kula, humpalia.

Mama Wawili, Kampala
Wangu alikuwa hivyo hivyo, sasa yuko P3, darasa la tatu, anaandika vizuri. Tulia mama.

Bibi wa Vikapu, Bombo
Mwanangu, mimi nasuka vikapu tangu utotoni na wajukuu nimewafundisha wote. Kuna neno umelipita haraka: mara mkono huu mara ule. Akiokota kitu chini anatumia mkono gani? Akirusha jiwe?

Mama Hakimu
Kushoto, bibi. Hata kijiko alianza kukishika kushoto, nikawa namhamishia kulia kila siku. Na shuleni nadhani wanamhamishia pia. Sikutaka aonekane hana adabu.

Bibi wa Vikapu
Basi mtoto ana mashoto. Unamnyang'anya mkono wake wenye nguvu, halafu unashangaa ule mwingine kuchoka. Kula kwa kulia ni dini yetu, mfundishe taratibu bila kumpiga mkono. Lakini kuandika, kukata na kusuka, mwache. Dada yangu alifungwa kitambaa mkono wa kushoto akiwa mdogo. Ni mtu mzima na bado anaogopa kushika kalamu mbele ya watu.

Ticha Nasari, Jinja
Asante bibi, hilo sikuliona. Mama Hakimu, zungumza na mwalimu wake wasimhamishe. Kwa mashoto, karatasi ilazwe upande, sehemu ya juu ielekee kulia, naye ashike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Kwenye benchi akae mwisho wa kushoto, viwiko visigongane na mwenzake.

Ukiona mkono mmoja hautumii kabisa, au anapoteza kitu alichokuwa anakiweza, usingoje. Anza kituo cha afya mkaombe rufaa. Hospitali ya Mulago, Kampala, wapo wataalamu wa kufundisha mikono kazi, na hospitali ya CoRSU pale Kisubi nayo inahudumia watoto.

Mama Hakimu
Narudi baada ya wiki tatu. Mikono yote miwili anaitumia, ila kazi ngumu zote anapeleka kushoto. Karanga za mchuzi wa Ijumaa amebambua bakuli zima. Mwalimu wake nilimfuata, akanisikiliza, amemhamishia mwisho wa benchi. Mlango wangu umejaa chaki. Jana alichora duara, akaweka miguu miwili chini yake, akaniambia huyo ni mimi.

Bibi, Jumamosi upo? Nimlete ajaribu ukindu.

Bibi wa Vikapu
Nipo. Mlete asubuhi, ukindu nitaulowesha usiku.