Kuhesabu kila dakika: tunajijenga au tunajimaliza?

Mpwa wa Mbagala (mleta mada)
Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa. Miaka miwili nyuma niliingia kwenye haya mambo ya kujipangia muda. Kuamka saa kumi alfajiri, daftari la malengo, programu ya simu inayokata kazi vipande vya dakika 25, ile mbinu ya Muitaliano Cirillo. Sikatai, ilinisaidia. Nilimaliza kozi ya uhasibu na duka langu la vifaa vya umeme likapata tawi la pili.

Ila nikaanza kuwapimia watu dakika. Shangazi akipiga simu namsikiliza huku naandika risiti. Mwaka jana jirani yangu alifiwa na baba yake, sikukaa matanga hata usiku mmoja. Nilituma rambirambi kwa simu, elfu hamsini, nikaona nimemaliza. Mwezi uliopita mwanangu alilazwa siku nne. Jirani akatuma elfu hamsini. Hakuja. Na sina pa kumlaumu.

Naomba tujadili: kutaka kila saa izae kitu kunatufikisha wapi?

Saa Kumi Kamili
Mkuu, pole kwa mtoto. Lakini usitupe jongoo na mti wake. Ratiba haijakukataza kwenda msibani, wewe ndiye hukwenda. Mimi naamka saa tisa na nusu na misibani nafika. Kinachoimaliza nchi hii ni watu kushinda vijiweni na kahawa tangu asubuhi wakichambua Simba na Yanga, halafu mwisho wa mwezi wanakuja kukopa kwetu tuliolala mapema.

Dereva wa Tandika
Hapo kwenye vijiwe umenigusa pabaya. Mimi ni bodaboda, kijiwe ndiyo ofisi yangu. Mlango wa kugonga sina. Pale ndipo najua spea gani feki imeingia sokoni, abiria gani halipi, njia gani imefungwa. Upatu wetu ni watu 12, elfu kumi kumi kila wiki. Laki na ishirini yangu ya mwisho nimenunulia tairi la nyuma na betri. Nani amekukopa wewe? Mtaje.

Saa Kumi Kamili
Sikukutaja wewe. Ukijiona umeguswa ni wewe na nafsi yako.

Mkaguzi
Turudi kwenye mada jamani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba kazi za saa nyingi ziliua watu 745,000 kwa kiharusi na moyo mwaka 2016 peke yake. Wajapani wana mpaka neno lake, karoshi. Na sheria yetu ya ajira ya 2004 imeweka ukomo, nadhani saa 40 kwa wiki.

Wa Kariakoo
Ni 45 mkuu, tisa kwa siku. Na hao 745,000 ni wanaofanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki. Halafu sheria hiyo ni ya mwajiriwa. Mimi mwenye genge nani ananipimia? Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa nne usiku. Hilo sifanyi kwa sababu ya daftari la malengo, ni kodi ya nyumba.

Binti Pangani
Nawasoma tangu juzi. Mnazungumza kama nyumbani mnaishi peke yenu. Kaka Saa Kumi, hiyo saa tisa na nusu unapoandika malengo, uji wa watoto anapika nani? Sare anapiga pasi nani? Mtoto akiamka na homa anambeba nani? Muda mnaosema mmeuokoa, kuna mtu mmemchukulia.

Saa Kumi Kamili
Dada, familia yangu usiiingize humu. Mke wangu hajawahi kulalamika.

Binti Pangani
Ulishawahi kumuuliza, au kwenye ratiba hakuna nafasi? Mimi nimeolewa na mtu wa ratiba miaka sita. Alikuwa na kisanduku kimeandikwa "familia", Jumapili saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Mtoto akija Jumatano na daftari lake anaambiwa asubiri. Sasa ana miaka minane, baba yake akimwita anauliza kwanza kama ana kazi. Silitanii hili. Linaniuma.

Mzee wa Kashata
Wanangu, mimi nilikuwa shule Azimio la Arusha lilipotoka, 1967. Mwalimu Nyerere aliliandika mle hili la binti yetu. Alisema wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12, hata 14, mpaka Jumapili na sikukuu, na wanaume wako likizo nusu ya maisha yao.

Saa Kumi Kamili
Shikamoo mzee. Basi malizia. Palepale alisema nguvu zinapotea kwenye umbea, ngoma na ulevi. Si ndicho nilichosema mimi kuhusu vijiwe? Ndiyo maana 2015 watu waliipokea "Hapa Kazi Tu" ya Magufuli.

Mzee wa Kashata
Marahaba. Alisema, ndiyo. Lakini alikuwa anadai jembe la kijiji kizima, mtu wa kijijini amsaidie mke wake shamba. Hakumwambia mtu ajifungie chumbani na simu yake apite wenzake. Hayo mawili usiyachanganye, mwanangu.

Wa Kariakoo
Mzee umenena. Ila na misiba yetu tuiseme. Siku tatu hadi saba, pilau la watu mia mbili, na wanaopika ni walewale kina mama. Genge likifungwa siku tatu nyanya zinaoza.

Binti Pangani
Kwa hilo nakuunga mkono kabisa. Wanaume mnakaa kwenye viti, sisi tuko kwenye moshi.

Mpwa wa Mbagala (mleta mada)
Nimewasoma wote. Jumamosi hii ni hitima ya mwaka ya mzee wa jirani. Hajanialika, nimesikia kwa watu. Nataka kwenda, sijui niende saa ngapi.

Saa Kumi Kamili
Nenda mkuu, hilo sina ubishi nalo. Ila nina swali kwa Dereva. Kijiwe chenu kimezalisha nini ukiacha tairi?

Dereva wa Tandika
Turubai moja, viti 60 na sufuria mbili kubwa. Tulichanga mwaka mzima. Mtu akifiwa mtaani tunapeleka bure.

Mleta mada, wasomaji wa hitima wakifika kila kitu kinakuwa tayari, utakuwa mgeni tu. Nenda alfajiri, wakati nguzo zinachimbiwa. Kama hawajapata turubai niambie, Mbagala si mbali, nalileta mwenyewe. Utanishikia kamba.